Hivi Mwanamke Akipata Kazi, Nani Anakosa? Tuuangalie Mwani wa Zanzibar



Kuna hoja moja haifi. Unaikuta kijiweni, unaikuta kwenye daladala, na jamaa anayeitoa huwa na uhakika utadhani kaisoma kwenye Katiba: wanawake wakizidi kuingia kwenye ajira, sisi vijana wa kiume tutakosa. Kazi zenyewe chache, anasema, na kila kiti anachokalia dada mmoja ni kiti alichonyang'anywa kaka mmoja.

Upande wa pili nako wana yao, ile ya ukumbini kila tarehe 8 Machi, yenye kofia na fulana: mwezesheni mwanamke, uchumi utapaa. Utapaaje? Hapo kimya. Au utatajiwa tarakimu za kutisha. Mwaka 2015 kampuni ya ushauri ya McKinsey ilitoa ripoti ikisema kwamba wanawake duniani kote wakishiriki kwenye uchumi sawasawa na wanaume, pato la dunia litaongezeka kwa dola trilioni 28 ifikapo mwaka 2025. Haya, 2025 imekuja na imepita, na mimi na wewe bado tunalipia intaneti kwa nusu saa.

Leo naomba tuziweke trilioni pembeni. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja wa hapa hapa nyumbani, mwani wa Zanzibar. Nimeuchagua kwa sababu ni nadra kupata mahali ambapo wanawake wa kijiji waliingia kwenye kazi ya pesa kwa mkupuo, ndani ya miaka michache, halafu ukaweza kutazama kilichofuata. Na kilichofuata si kitamu mwanzo mpaka mwisho.

Tuanze na kabla ya mwani, maana wengi hudhani wanawake wa vijiji vya pwani walikuwa wamekaa tu barazani. Nenda Paje, Jambiani, Bwejuu au Makunduchi, kule mashariki na kusini mwa Unguja, uulize wazee. Mwanamke alikuwa anafukia makumbi ya nazi pwani yaoze, miezi inapita, anayafukua, anayaponda, anasokota kamba. Maji yakipwa anaingia kutafuta pweza na chaza. Anachanja kuni, anachota maji, analima muhogo kwenye mawe (wanaojua ardhi ya upande ule wananielewa), anasuka ukili, anapika, analea. Kazi ilikuwepo tele, ila pesa ilikuwa kiduchu au haipo kabisa.

Sasa hapa kuna kitu kinachowachanganya watu, na inabidi tukiseme kwa sababu ndipo neno "ushiriki kwenye nguvu kazi" linapoanza kuleta utata. Pato la taifa linakokotolewa kwa kanuni za kimataifa, na kanuni hizo zina mambo ya kuchekesha. Ukichota maji kisimani kwa ajili ya nyumba yako, kanuni zinaruhusu kazi hiyo ihesabiwe kama uzalishaji. Ukiyachukua maji yale yale ukayachemsha upikie wanao chai, haihesabiwi. Muhogo ulioulima ukaula mwenyewe unahesabiwa, kuumenya na kuupika hapana. Mwanauchumi mmoja Mwingereza, Arthur Pigou, alitoa mfano zamani sana: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linapungua, ingawa sakafu inafagiliwa na mtu yule yule. Kwetu tungesema ukimwoa dada wa kazi basi umehujumu uchumi wa nchi. Teh teh teh.

Halafu mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, wakakubaliana kwamba "ajira" maana yake ni kazi ya malipo au ya faida. Mama anayelima chakula cha nyumbani tu anafanya kazi, hilo halina ubishi, ila kwa hesabu hiyo hana ajira. Kwa hiyo ukisikia wanawake wameingia kwenye nguvu kazi ya kulipwa, usifikirie mtu aliyekuwa amelala akaamka. Fikiria mtu aliyekuwa na kazi saba zisizolipa, akaongeza ya nane inayolipa. Ile saba mara nyingi haikupungua. Tutarudi hapo.

Mwani wenyewe ulikujaje? Kuokota mwani wa porini, unaojiotea baharini, ni biashara ya zamani kidogo. Kuulima ni jambo jingine. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza utafiti miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kampuni binafsi zilikuja, zikagawa kamba na mbegu, zikasema leteni mzigo tutanunua. Baadaye kikasambaa Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huko.

Kazi inafuata mwezi. Bamvua likifika, maji yanapwa mbali sana, na kina mama wanatembea kwenye mchanga na mawe mpaka mashambani kwao. Wanapiga vigingi, wananyoosha kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba wanafunga vipande vya mbegu kwa vinyuzi wanavyoviita tai-tai. Saa chache tu, maji yanarudi. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanabeba mzigo ukiwa umelowa chumvi na maji, wanaanika siku mbili tatu kutegemea jua. Ili upate kilo moja kavu unahitaji kama kilo saba hadi kumi mbichi. Piga hesabu ya mgongo hapo.

Na unakwenda wapi? Unasindikwa nje ya nchi upate kitu kinaitwa karajinani, unga wa kufanya vitu viwe vizito na visijitenge. Dawa ya meno uliyopigia mswaki asubuhi, aiskrimu, maziwa ya chokoleti, losheni, baadhi ya dawa za hospitali. Msichana wa Los Angeles anapaka losheni, hajui kuna mama wa Jambiani ndani yake.

Wanaume nao walijaribu mwanzoni. Wengi waliacha, wakaona malipo ni madogo kuliko uvuvi na vibarua vya mahoteli yaliyoanza kuota pale ufukweni. Wakabaki wanawake. Leo inakadiriwa wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na wanawake ni kama 80 kati ya kila 100. Kwa pesa za kigeni mwani unatajwa nafasi ya tatu, nyuma ya utalii na karafuu. Sasa niambie, hapo nani alinyang'anywa kiti? Kazi haikuwepo, na ilipokuja mwanamume aliiangalia akaikataa.

Jamaa wa kijiweni atasema huo ni mfano rahisi, ofisini nafasi ni moja na waombaji mia tano. Sawa. Kwenye nafasi hiyo moja, akiipata dada wewe umeikosa, sitakudanganya. Lakini idadi ya kazi nchini si kama viti vya daladala, kwamba vikijaa vimejaa. Anayelipwa anatumia, na anachotumia ni mshahara wa mtu mwingine. Iceland wanawake zaidi ya 7 kati ya kila 10 wenye umri wa kufanya kazi wana ajira, na hutakuta wanaume wa kule wamejazana vijiweni kwa sababu hiyo.

Lakini turudi Paje, maana pale jambo hili linaonekana kwa macho. Pesa za mwani zilikwenda wapi? Ukisoma tafiti au ukiongea na wenyeji unapata orodha ile ile: sare na madaftari, mabati badala ya makuti, matofali ya kuongeza chumba, sufuria, kitanda, kanga mpya ya Idi, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali mjini bila kungoja mtu. Hapo mwaka 1992 watafiti kutoka Sweden walishaandika ripoti nzima kuhusu Paje ambayo jina lake linaanza na maneno yenye maana ya "Mwani ni pesa".

Itazame ile orodha kama mfanyabiashara. Mabati yanapigwa na fundi, naye ni kijana wa kiume. Matofali yanafyatuliwa na kijana wa kiume. Mwenye duka la sufuria, dereva wa gari la abiria, fundi cherehani wa sare, wote hawa wamekula mwani bila kukanyaga maji. Tuseme mama mmoja kauza kilo mia, na tuseme bei ni shilingi 600. Ameshika elfu sitini. Ndogo, eh? Sasa kijiji chenye kina mama mia tatu ni milioni kumi na nane zinazoingia mahali ambapo mzunguko wa pesa ulikuwa wa kungoja mvuvi arudi. Haya ni makisio yangu ya kufundishia tu, lakini ndiyo njia ambayo faida yake kwa uchumi inapita. Haipiti hewani kama hotuba.

Kuna kipande cha pili, nacho wanauchumi walichelewa kukiamini. Zamani walichukulia nyumba kama mfuko mmoja: nani kaleta pesa si hoja, zikishaingia ni za wote. Afrika Kusini iliwasaidia kuona vinginevyo. Ubaguzi ulipokuwa unamalizika miaka ya mwanzo ya 1990, pensheni ya wazee ilipanuliwa ikawafikia Waafrika wengi, bibi na babu. Mwanauchumi Esther Duflo, yule aliyeshiriki Nobeli mwaka 2019, akalinganisha watoto waliokuwa wakiishi kwenye nyumba hizo, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Pensheni ikipokelewa na bibi, wajukuu wa kike walikuwa na uzito na urefu bora. Ikipokelewa na babu, hakuna tofauti iliyoonekana. Pensheni ile ile, serikali ile ile. Sisemi babu zetu wabaya, jamani, msije mkanitukana hapo chini. Nasema mkono unaopokea una maana yake.

Kwa Zanzibar kuna jambo jingine linaloongeza nguvu. Kwa sheria ya dini ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Kwa hiyo mwanamke wa Paje alipoanza kushika pesa ya mwani, kisheria hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia ilete hapa. Watu wa nje wanaokuja na dhana kwamba dini ndiyo iliyomfunga mwanamke wa pwani wanapaswa kuliangalia hili vizuri. Mila ya asitoke nyumbani ilikuwepo, ni kweli. Wapo waume waliopiga marufuku, wapo waliotishia talaka. Mwanamke kutoka ilikuwa kwenda msibani, harusini, au kumtazama mgonjwa. Lakini bati la kwanza lilipopanda, marufuku nyingi zililegea zenyewe. Njaa na bati vina ushawishi kuliko semina.

Ila kuna upande wake mchungu. Waume wengine, walipoona mke ana chake, wakapunguza kutoa matumizi. Mama anaongeza elfu tano, baba anapunguza elfu tano. Kwenye takwimu kipato chake kimepanda, mezani ugali ni ule ule. Hili halimo kwenye trilioni za McKinsey.

Sasa tuje kwenye ile kazi ya nane juu ya saba. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watafiti wa Sweden na wa Zanzibar juu ya wakulima wa mwani, na kichwa chake kinauliza kama bei inayolipwa si kubwa mno. Hawakuzungumzia bei ya kilo, walizungumzia bei ya mwili. Wakulima waliohojiwa walisema afya yao ni mbaya kuliko wanawake wasiolima mwani: uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, macho, kifua, kuchomwa na viumbe wa baharini na kukatwa na magamba makali. Na kipato chao kilikuwa chini ya mstari wa umaskini uliokithiri. Ukimaliza hapo unarudi nyumbani, kuni zinakungoja, sufuria inakungoja.

Wanaoimba kwamba ushiriki wa wanawake unakuza uchumi wasome utafiti ule mara mbili. Mtu anaweza kuhesabiwa kama mwenye ajira, akaingizwa kwenye pato la taifa, akachangia pesa za kigeni, na bado akabaki fukara. Kwa nini?

Kwanza, bei. Zipo aina mbili zinazolimwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye karajinani inayotafutwa zaidi na bei yake mara nyingi ni zaidi ya mara mbili ya spinosamu. Kwa miaka mingi spinosamu imekuwa ya shilingi mia kadhaa kwa kilo kavu. Bei haipangwi Paje. Kwa takwimu za FAO, mwaka 2019 dunia ilizalisha mwani wa aina zote karibu tani milioni 36, ukiwa mbichi. Sisi tulikuwa na kama tani laki moja. Afrika nzima hakuna wa kutufikia, lakini duniani ni chini ya nusu ya asilimia moja. Indonesia na Ufilipino wakivuna vizuri, mama wa Micheweni anashushiwa bei na hajui kwa nini.

Pili, kamba. Kampuni zilizogawa kamba na tai-tai zilifanya hivyo kwa masharti kwamba mzigo utauzwa kwao. Ukikopeshwa kifaa na mnunuzi wako, huna mnada. Sisemi kampuni zote ni wanyonyaji, bila wao soko lisingefika kijijini. Nasema mtu mwenye mnunuzi mmoja hana sauti kwenye mizani.

Tatu, mzigo unaondoka ukiwa majani. Karajinani iliyosafishwa inauzwa kwa dola kadhaa kwa kilo, na tofauti hiyo yote inabaki kule kiwanda kilipo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar. Tangu mwaka 2006, yeye na wenzake kwenye mpango wa kuunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani wamewafundisha kina mama kusaga mwani, kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka, hata kuutia kwenye vyakula. Hesabu yake haihitaji shahada: kilo nzima ya mwani mkavu unaiuza mia kadhaa, na kipande kimoja cha sabuni chenye unga kidogo tu wa mwani huo kinauzwa kwa maelfu pale kwenye duka la watalii. Wanawake wa Kidoti na Paje wameonyesha inawezekana. Shida ni kwamba watalii wanaonunua sabuni hawatoshi wakulima elfu ishirini, na kuingiza sabuni kwenye maduka makubwa kunataka vyeti, vifungashio na mtaji ambao vikundi vingi havina. Kwa hiyo sabuni inasaidia wachache vizuri, haijawa jibu la wote.

Na nne, bahari yenyewe imebadilika. Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko mengine.

Mwani wa kotonii hautaki joto. Kwenye maji ya kina kifupi, jua la mchana wakati wa kupwa linayapasha maji mpaka mmea unapauka, unalainika na kukatika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa sehemu nyingi za Unguja, na kina mama wakabaki na spinosamu, ile ya bei ndogo. Baadaye hata spinosamu ikaanza kusumbua. Mavuno ya Zanzibar yalikuwa zaidi ya tani 16,000 kavu mwaka 2015. Mwaka uliofuata yakashuka hadi kama tani 11,000. Paje kwenyewe wengi wameacha. Ukienda leo unakuta ile bahari waliyokuwa wakipiga vigingi imejaa Wazungu wanaoteleza juu ya maji kwa vishada, na mahali vishada vinapotua vigingi havitakiwi. (Wengine wanasema mahoteli yameleta ajira mbadala. Yameleta. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi wa Paje wenye zaidi ya miaka 45 wameajiriwa humo.)

Wataalamu wana jibu: peleka mwani kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Dk. Msuya na wenzake wamejaribu nyavu zilizoshonwa kama mrija, unajaza mbegu za kotonii ndani, unazitega kwenye maji marefu, na mawimbi hayazikati kirahisi. Kwa upande wa mmea, inafanya kazi.

Kwa upande wa mama, sasa. Kina kirefu kinataka chombo. Ngarawa na madau ya kijiji ni ya nani? Ya wanaume. Kina kirefu kinataka ujue kuogelea. Wanawake wengi wa vijiji vile, waliokulia hatua mia mbili kutoka baharini, hawajui kuogelea, kwa sababu msichana hakufundishwa. Shamba la kina kifupi lilimfaa kwa sababu alilifikia kwa miguu yake, bila kumwomba mtu chombo wala ruhusa. Sasa shamba linasogea mahali ambapo miguu haifiki. Na kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Ile kazi ambayo mwanamume aliikataa mwaka 1990 kwa kuwa hailipi, ikianza kulipa itakuwa imehamia kwenye maji yake.

Hiyo ndiyo sababu sipendi mjadala wa asilimia tupu, wanawake wangapi wako kazini. Asilimia inaweza kubaki pale pale, na pesa ikawa imehama mikono.

Jambiani kuna wachache waliohamia kwenye kilimo cha sponji, zile za kuogea, zinazoota kwenye kamba na kuuzwa bei nzuri kwa watalii. Huko walianza na wajane, walioachwa na wanaolea peke yao, na jambo mojawapo lililobidi kufundishwa ni kuogelea. Watu wazima, wamevaa nguo zao za stara, wanajifunza kuelea. Ukiangalia kwa jicho la mwanauchumi, somo lile ni mtaji kama mashine yoyote.

Kwa hiyo yeyote mwenye mradi, mbunge, mfadhili au mwakilishi anayepanga kupeleka semina nyingine ya ujasiriamali kwa kina mama wa mwani, na chai na andazi saa nne: boti moja ya kikundi, iliyoandikishwa kwa jina la kikundi cha wanawake, ina faida kuliko semina ishirini. Ongeza mwalimu wa kuogelea, mwanamke, kwa miezi mitatu. Ongeza simu moja ya kuangalia bei kabla wakala hajafika na mizani yake. Na ile boti itahitaji nahodha na mtu wa kutengeneza mashine, kwa hiyo jamaa yangu wa kijiweni aanze kujifunza kufungua plagi, kuna mshiko pale.

Mwenye mama au shangazi Tumbe, Micheweni, Kidoti au Muungoni atuwekee hapo chini kilo imenunuliwa shilingi ngapi bamvua hili, spinosamu na kotonii kila moja mbalimbali, na nani aliyeshika mizani.